Redio ya Pwani Isikikayo Mlimani

MGHANGE hakuna bahari. Atokaye Mombasa husafiri hadi Voi, kiasi cha kilomita 160, kisha hushika njia ya Mwatate na Wundanyi, akapanda kona baada ya kona mpaka masikio yakaziba na baridi ikamwingia. Huko juu ni mashamba ya matuta, migomba, kabichi na ukungu wa asubuhi. Wenyeji ni Wadawida na lugha ya nyumbani ni Kidawida. Wengi wao ni Wakristo, maana wamisheni waliweka makao Bura tangu mwaka 1892. Kwa ufupi, ni mbali na Kibokoni, mbali na Mji wa Kale, na mbali na harufu ya mahamri na mbaazi.

Lakini fungua redio huko jioni. Katika stesheni nyingi utakazopitisha sindano, hukosi kuipata moja isemayo Kiswahili cha Mombasa, ikisoma salamu za watu wa Likoni na Malindi, na baada ya salamu ikapiga taarabu ya taratibu. Mkulima aliyeshinda shambani huinyamazia kama anyamazavyo mzee wa Kuze kibarazani kwake.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, ila lina historia ndefu. Na ndani ya historia hiyo mna swali ambalo sisi watu wa mwambao hatujalijibu sawasawa. Redio hii tuiitayo yetu imebadilishwa jina mara nyingi. Je, kila ilipobadilishwa jina, ilibadilika pia mwenyewe?

ILIANZA KWA JINA LA MJI

Redio ilipoingia Kenya mwaka 1928 haikuwa ya Mwafrika wala ya Mwarabu. Ilikuwa ya masetla, ikitangaza kwa Kiingereza. Vita Vikuu vya Pili ndivyo vilivyoilazimisha serikali ya kikoloni kuzisemesha lugha za wenyeji, kwa kuwa vijana wengi walikuwa wamepelekwa vitani na jamaa zao walitaka habari.

Baadaye, mwaka 1954, iliundwa idara iliyoitwa Kenya Broadcasting Service, na vituo vya mikoani vikawekwa mahali patatu. Nyeri kulikuwa na kituo kilichopewa jina la Mlima Kenya, Kisumu kikapewa jina la Ziwa, na Mombasa kikawako kituo cha Sauti ya Mvita.

Msomaji ataona kwamba vituo viwili vya kwanza viliitwa kwa mlima na kwa ziwa, tena kwa Kiingereza. Cha Mombasa peke yake ndicho kilichoitwa kwa jina la mji, na kwa lugha ya wenyeji wa mji huo. Mvita ni jina la zamani la Mombasa, jina la washairi na la wazee. Aliyelisikia alijua papo hapo ni nani anenaye na ni nani anenewaye.

Zama hizo ndizo zilikuwa zama za "Sauti". Unguja kulikuwa na Sauti ya Unguja, na Dar es Salaam kulikuwa na Sauti ya Dar es Salaam. Na mwaka huo huo wa 1954 Redio Cairo nayo ilianza kutangaza kwa Kiswahili, ikiwasema Waingereza bila ya kuwaogopa. Watu wa mwambao waliisikiliza sana, na serikali haikupendezwa.

Hapo ndipo ilipo siri ya kupanda kwa redio ya Mombasa. Sikio la mtu halifungwi kwa sheria. Mwenye redio mezani huweza kugeuza sindano akasikia Cairo, Unguja au Mombasa, kama apendavyo. Aliyetaka kusikilizwa Pwani hakuweza kushinda kwa hotuba za serikali peke yake. Ilimbidi aseme lugha ya watu, awasomee Qurani, awape mawaidha, na zaidi ya yote awapigie nyimbo zinazowapumzisha roho zao usiku.

MUZIKI WA BAADA YA ISHA

Wataalamu wa redio huko Ulaya na Marekani wana fungu lao la muziki waliloliundia vituo maalumu. Ni muziki usiopiga kelele, wa kusikilizwa huku mtu akipika, akishona au akijinyosha kitandani. Wao huhesabu hilo kuwa uvumbuzi wa kibiashara. Mombasa haikungoja kufundishwa. Taarabu ilikuwa tayari.

Udi, fidla, tabla na kodiani zilikuwapo, na baadaye taishokoto, ala iliyotoka Ujapani ikapata makao mapya mikononi mwa wapigaji wa Mombasa. Duka la Assanand lilitoa santuri za chapa ya Mzuri. Matano Juma, Maulidi Juma, Zuhura Swaleh na Zein L'Abdin, mzaliwa wa Lamu aliyesifika kwa udi wake hadi alipofariki mwaka 2016, wote walijulikana katika nyumba ambazo hawakuwahi kukanyaga vizingiti vyake. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alizichukua sauti za filamu za Kihindi akazivika mashairi ya Kimvita, mengi yakiwa ya binamu yake Ahmad Nassir, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita.

Ni kweli kwamba wako masheikh ambao muziki hawaupendi, na hoja zao zinajulikana. Makala haya hayakusudii kuingia katika mzozo huo. Lakini hata asiyeupenda atakubali kwamba redio iliwafikia watu ambao baraza haikuwafikia. Mwanamke aliyekuwa akikaa ndani hakwenda kwenye shughuli za wanaume, bali sauti ilimfuata jikoni. Alisikia mashairi mazito, alisikia mafumbo, alisikia Kiswahili kikisemwa kwa ufasaha, na kesho yake akawa na la kuzungumza na jirani yake. Kwa namna hiyo redio ilikuwa chuo.

JINA LA MJI LIKAMEZWA NA JINA LA NCHI

Uhuru ulikuja mwaka 1963. Mwaka huo huo ulikatwa shauri la ile maili kumi ya mwambao, ambayo kwa mkataba ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar, ikawa sehemu ya Kenya. Waliotaka Mwambao ujitawale walishindwa. Tarehe 1 Julai 1964 shirika la utangazaji likafanywa idara ya serikali, likaitwa Voice of Kenya, yaani Sauti ya Kenya.

Kila taifa jipya lilifanya hivyo, na si haki kulilaumu taifa la Kenya peke yake. Tanganyika ilifanya hivyo, Uganda ilifanya hivyo. Nchi changa yenye makabila mengi ilitaka sauti moja. Studio za Mombasa zilibaki, watangazaji wenye Kiswahili safi walibaki, na wengine walichukuliwa Nairobi kwenda kuinyosha lugha ya idhaa ya taifa. Leonard Mambo Mbotela, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1940 na kufariki mwaka 2025, alilea kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?" tangu mwaka 1966, na nchi nzima ikajifunza neno la ungwana kutoka katika kinywa cha Pwani.

Lakini jina la Mvita lilizama. Mtu wa Mombasa alisikia sauti ile ile ikijitambulisha kwa jina jingine, na saa zake zikipangwa mbali. Redio ikawa ngome ya dola. Tarehe 1 Agosti 1982, askari wa anga walipojaribu kuipindua serikali, jambo la mapema walilofanya lilikuwa kuiteka studio ya Nairobi, na huyo huyo Mbotela akalazimishwa kutangaza. Siku ile kila mtu alielewa kwamba mwenye kipaza sauti ndiye aonekanaye kuwa na nchi.

Mwaka 1989 Sauti ya Kenya nayo ikaondoka. Bunge likaunda tena shirika, nalo likaitwa Kenya Broadcasting Corporation, jina lililokwisha kutumika kabla ya mwaka 1964. Neno "Sauti" lililobeba redio za mwambao tangu ujana wake likatoka mlangoni. Tukabaki na herufi tatu: KBC.

MLANGO UKAFUNGULIWA

Miaka ya 1990 ilileta upepo mwingine. Serikali ililegeza mkono, na kuanzia mwaka 1996 vituo vya watu binafsi vilianza kutangaza katika masafa ya FM. Hao walikuja na vijana, vichekesho na matangazo ya biashara. Shirika la taifa likaona wasikilizaji wake wakihama. Likajibu kwa kufungua idhaa ndogo ndogo, kila moja na watu wake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mombasa ikapata yake, nayo ikaitwa Pwani FM.

Hii ndiyo hadithi ya jina jipya. Wapangao biashara husema kwamba jina jipya ni kama kanzu mpya, huvaliwa ili mtu apendeze. Lakini jina la redio huwa zaidi ya kanzu, kwa kuwa hutaja watu. Sauti ya Mvita iliwataja watu wa kisiwa. Sauti ya Kenya iliwataja raia wote. KBC haikumtaja mtu, ilitaja ofisi. Na Pwani FM? Hiyo ilitaja mkoa mzima, kutoka Lamu hadi Vanga, kutoka Tana hadi Taveta.

Na hapo ndipo Mghange ilipoingia, kwa jina, kwa mara ya kwanza. Mdawida si mtu wa Mvita na hawezi kujidai hivyo. Taita haikuwa ndani ya zile maili kumi. Lakini mwaka 1963, ilipogawanywa mikoa, Taita iliwekwa Pwani, na Pwani ikabaki mpaka mikoa ilipoacha nafasi kwa kaunti mwaka 2013. Kabichi na nyanya za milima ile huteremka Mombasa, na watoto wa milima ile husoma na kufanya kazi Mombasa. Jina la Pwani liliwafungulia mlango ambao jina la Mvita lisingeweza kuwafungulia.

MLINGOTI WA VURIA

Si mbali na Mghange kimesimama kilele cha Vuria, mita 2,208 juu ya bahari, kirefu kuliko vyote katika milima ya Taita. Juu yake imesimama milingoti ya mawasiliano. Yafaa kueleza kwa nini.

Zamani redio zilitangaza zaidi kwa mawimbi ya kati. Mawimbi hayo mchana hutambaa na ardhi, na usiku hupanda angani yakadunda na kurudi chini mbali sana. Ndiyo sababu mtu wa Taita mwenye redio ndogo ya betri aliweza usiku kusikia vituo vya nchi za mbali, pamoja na mikwaruzo yake. Mawimbi ya FM sivyo yalivyo. Sauti yake ni safi, lakini huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi, na yakikutana na kilima hukatika. Mafundi basi hutafuta kilele. Kwa hesabu zao, mlingoti uliowekwa juu kama Vuria waweza kuimulika nyika iliyo chini yake kwa zaidi ya kilomita 150.

Hivyo mlima ndio unaobeba sauti za mji. Mvuvi hubeba jahazi lake, na jahazi la redio hubebwa na Mdawida. Wengi wetu husikiliza taarabu Voi au Maungu, tukiwa safarini, pasipo kukumbuka ni mgongo wa nani unaoifikisha.

Wala Taita haikuwa mgongo mtupu. Fadhili William, aliyezaliwa mwaka 1938 na kufariki mwaka 2001, alikuwa mtoto wa Taita, na jina lake la mwisho lilikuwa Mdawida. Ndiye aliyeutia "Malaika" katika santuri mwanzoni mwa miaka ya 1960, wimbo ambao Miriam Makeba aliusambaza duniani. Ubishi juu ya mtungaji wa kwanza haujaisha mpaka leo. Lakini hapana ubishi kwamba wimbo mwororo wa Kiswahili unaojulikana kuliko nyingi katika ulimwengu uliingia redioni kwa sauti ya mtu wa milimani, wala haukuwa taarabu ya mji.

ADHANA NA DAKIKA TANO

Kwa sisi Waislamu uko mfano ulio wazi zaidi kuliko muziki, nao ni wa Ramadhani.

Katika mwezi huo redio huwa kitu kingine. Ndiyo inayongojewa kwa tangazo la mwezi kutoka kwa Kadhi Mkuu, na ndiyo inayongojewa jioni. Waislamu wako Voi, wako Taveta, na wako wachache milimani. Mmoja wao anapokaa mbele ya tende zake akasikia adhana ya magharibi ikitoka Mombasa, afanye nini?

Akifungua, amekosea. Jua huzama Mombasa kwanza kwa sababu Mombasa iko mashariki zaidi. Kila daraja moja ya longitudo ni dakika nne. Voi hupata magharibi kama dakika nne baada ya Mombasa, na Mghange kama dakika tano, kadiri ya majira. Aliye juu kileleni huliona jua kitambo zaidi kuliko aliye bondeni. Wa Lamu hali yake ni kinyume. Kwake magharibi huwa imeshaingia, na kungoja kwake hakumdhuru. Lakini alfajiri humtangulia pia, na akila daku kwa kutegemea saa ya Mombasa aweza kula mchana bila kujua.

Mtangazaji asemaye "sasa ni wakati wa kufuturu hapa Pwani" amesema kweli kwa mji mmoja tu. Dawa yake ni rahisi. Aseme "kwa Mombasa na vitongoji vyake", kisha awatajie wa Lamu, Voi na Taveta nyakati zao. Ni maneno kumi, lakini ndani ya maneno hayo kumi kuna tofauti kati ya redio yenye jina la Pwani na redio ya Pwani.

Dakika hizo tano ni kipimo kizuri kwa mambo mengine pia. Habari za bei ya samaki zinasomwa, je, za bei ya kabichi? Tembo wakivamia mashamba kando ya mbuga ya Tsavo, je, huhesabiwa kuwa habari za Pwani au huachiwa Nairobi? Kijana wa Mghange akipiga simu akasema Kiswahili chenye lafudhi ya Kidawida, je, huchekwa? Jina jipya limeahidi, na ahadi ni deni.

Na wenyeji hawangoji tu. Tangu masafa yafunguliwe, kila upande umejitafutia sauti yake. Waislamu wa Mombasa wamejipatia Radio Rahma na Radio Salaam, Wamijikenda wamejipatia Radio Kaya, na Taita imejipatia Mwanedu FM, yenye jina la Kidawida lenyewe. Mtu asidhani kwamba huo ni utengano. Mtoto aliyenyimwa kusema mezani hujenga meza yake. Kama redio ya mkoa yataka kubaki redio ya mkoa, haina budi kumpa kila mmoja kiti.

KILICHO CHA KUHIFADHIWA

Liko jambo la mwisho, nalo lawahusu wenye mitambo na wasikilizaji pia. Gazeti likichapwa hubaki karatasi. Sauti ikishatoka, imetoka. Kanda huoza kwa joto na unyevu wa Pwani, na santuri huvunjika. Kila jina jipya linapoandikwa mlangoni, hatari ni kwamba makabati ya jina la zamani huonekana takataka. Katika kabati la namna hiyo mwaweza kuwamo mawaidha, tenzi, na sauti za mabibi wakieleza mila za harusi. Aliye na kanda ya zamani nyumbani asiitupe. Aipeleke Fort Jesus kwa watu wa makumbusho, au angalau amwombe kijana wake aiingize katika simu. Kazi hiyo haingoji jina lolote.

Kuhusu majina yenyewe, hatuna haja ya kulia. Sauti ya Mvita lilikuwa jina tamu, na wazee wana haki ya kulikumbuka. Lakini lilikuwa jina la nyumba moja, na nyumba imekuwa kubwa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Redio inayosema ukweli, kwa lugha safi, kwa saa iliyo sahihi, yenye muziki wa kumtuliza mchovu, haitahitaji kubadilisha jina kila baada ya miaka. Itajulikana kwa wasikilizaji wake.

Na wasikilizaji hao, tukipenda tusipende, sasa wanaanzia gatini na kupanda mpaka kwenye ukungu wa Mghange. Wa gatini wafuturu kwanza. Wa mlimani wangoje dakika zao tano, kisha nao waambiwe, kwa sauti ile ile na kwa heshima ile ile, kwamba wakati wao umefika.